Charizard: yanayosemwa vibandani Mbeya na yaliyoandikwa kwenye gemu

Hapa Mbeya wengi tumemjua Charizard kwa vipande. Kuna aliyemwona kwenye katuni zinazohamishwa kwa flashi, kuna aliyekutana naye kwenye fulana ya mtumba pale Mwanjelwa, na kuna anayemcheza kwenye simu kwa programu inayoigiza mashine za zamani za Nintendo. Kila mmoja anabaki na kipande chake, na palipopungua panajazwa na maneno ya kijiweni. Kaa jioni moja kwenye banda la gemu Mafiati au Uyole uwasikilize vijana wakibishana, utaona maneno hayo yamekwenda mbali kiasi gani. Ninampenda sana kiumbe huyu, na naona uvumi unamnyang'anya kilicho kizuri zaidi kwake. Waliomtunga walimpa nguvu, kisha wakampa mipaka, na mipaka hiyo ndiyo inayofanya kumlea kuwe na maana.

Kwa asiyemjua kabisa: Charizard ni kiumbe wa kubuni wa Pokémon, gemu zilizoanza Japani tarehe 27 Februari 1996 kwenye mashine ya mkononi ya Game Boy. Mchezaji hukamata viumbe, huwafunza na kuwapambanisha na wa wenzake. Viumbe wa kwanza walikuwa 151, na Charizard ni namba 6. Huanza akiwa Charmander, mjusi mdogo wa rangi ya chungwa mwenye moto mkiani. Akifika leveli ya 16 hugeuka Charmeleon, na akifika ya 36 ndipo anapoota mabawa na kuwa Charizard.

"Ni dragoni, tena mkubwa kama nyumba"

Ukubwa kwanza, maana hilo ni jepesi. Urefu wake ni mita 1.7 na uzito kilo 90.5. Huyo ni kimo cha mtu mzima wa kawaida. Picha zinazomwonyesha akiwa mrefu kuliko ghorofa ama ni za mashabiki, ama ni za umbo la Gigantamax lililoletwa na gemu za Sword na Shield mwaka 2019. Katika umbo hilo anavuka mita 28, lakini hudumu kwa zamu tatu tu za pambano kisha hurudi kawaida.

Suala la dragoni lina uzito zaidi. Kila kiumbe wa Pokémon ana aina moja au mbili, na aina hizo ndizo zinazoamua kipi kinamuumiza na kipi hakimtikisi. Charizard ni aina ya Moto na ya Kuruka. Aina ya Dragoni ipo, na yeye hamo. Anayebisha kwamba ana sura ya dragoni hajakosea, kwa sababu hata gemu zenyewe zinamruhusu azaliane na viumbe wa kundi la mayai la dragoni. Ila kwenye pambano sura haisaidii kitu. Umbo lake moja tu ndilo lina aina ya Dragoni, Mega Charizard X, lililokuja na gemu za X na Y mwaka 2013.

Hapo hapo kuna mkanganyiko mwingine. Ukimwona Charizard mweusi usikimbilie kusema ni Mega X. Tazama moto. Mega X ana moto wa buluu unaomtoka pembeni mwa mdomo na mkiani. Mweusi mwenye mabawa mekundu kwa ndani na moto wa kawaida ni Charizard yule yule wa siku zote, aliyezaliwa na rangi adimu, na nguvu zake hazijaongezeka hata chembe.

"Adui yake mkubwa ni maji"

Hili ndilo kosa ninalokutana nalo kuliko yote, na ndilo linalowagharimu wachezaji mapambano. Moto na maji, nani asiyeona? Ni kweli shambulio la maji humpiga Charizard kwa nguvu mara mbili, na la umeme vivyo hivyo. Lakini jiwe humpiga mara nne.

Hesabu yake iko wazi. Aina ya Moto huumizwa na jiwe mara mbili. Aina ya Kuruka nayo huumizwa na jiwe mara mbili. Charizard amebeba zote mbili, kwa hiyo zinazidishana. Mchezaji mwenye viumbe wa jiwe kama Onix au Golem anaweza kummaliza kwa pigo moja la jiwe wakati wewe umekaa ukiogopa kasa wa maji.

Mwaka 2006 gemu za Diamond na Pearl zilileta pigo liitwalo Stealth Rock. Mpinzani hutandaza mawe makali upande wako, na kila kiumbe anayeingia uwanjani huumia kulingana na jinsi aina yake inavyoogopa jiwe. Charizard akiingia tu hupoteza nusu ya uhai wake wote, kabla hajatema hata cheche. Ukimtoa na kumrudisha mara ya pili, hana lake. Kwa miaka mingi hiyo ilikuwa sababu kubwa ya wachezaji wa mashindano kumwacha nyumbani. Nafuu ya kweli ilikuja mwaka 2019, pale gemu zilipoleta buti nzito ambazo kiumbe akivishwa hukanyaga mawe hayo bila kudhurika.

Mtu wa Iringa ataelewa hili haraka kuliko sisi. Mji ule umezungukwa na majabali, na juu yake lipo Gangilonga, jiwe ambalo Wahehe wanasema huongea. Ungekuwa mji mgumu kwa Charizard kuliko Matema yenye ziwa zima la maji.

Na maji yenyewe wala si hukumu ya kifo. Mega Charizard X, kwa kuwa ana udragoni ndani yake, hupigwa na maji kwa nguvu ya kawaida tu. Mega Charizard Y, umbo lake jingine la gemu za X na Y, akiingia huwasha jua kali uwanjani, na jua hilo hupunguza nguvu ya mashambulizi ya maji kwa nusu. Kwenye udongo ndiko anakocheka, kwa sababu kwa kuwa anaruka, tetemeko la ardhi halimgusi kabisa. Lakini Mega X hana tena aina ya Kuruka, na tetemeko humpata barabara. Nimeona vijana wakilisahau hilo na kupoteza pambano walilokuwa wamelishika.

"Hakuna anayemzidi"

Wapo wengi. Kila kiumbe ana jumla ya alama za msingi za uhai, mashambulizi, kinga na kasi. Ya Charizard ni 534. Blastoise, yule kasa wa maji anayedharauliwa kila siku, ana 530. Dragonite ana 600 na Mewtwo 680. Kwa hiyo Charizard amezidi wenzake wa kuanzia, yaani wanaotokana na viumbe watatu ambao mchezaji huchagua mmoja mwanzoni mwa gemu, kwa unyoya tu, na yuko mbali chini ya wakubwa.

Alichonacho ni kasi ya 100 na nguvu ya moto ya 109, ambazo ni nzuri sana. Kinga yake ni 78, na hiyo ni ya wastani. Huyu ni kiumbe wa kupiga kwanza na kupiga vizuri. Anayemcheza kama ukuta wa kupokea mapigo atamlaumu bure.

Wanaosema kumchagua Charmander mwanzoni ni njia rahisi nao nawaomba wajaribu gemu za kwanza wenyewe. Kiongozi wa kwanza unayepaswa kumshinda ili upate beji, Brock, anatumia viumbe wa jiwe. Wa pili, Misty, anatumia maji. Mchezaji wa Charmander anaanza safari kwa milima miwili mfululizo, na Charizard hapatikani hadi leveli ya 36. Ukimfikisha huko umemlea kweli.

"Mvua ikimnyeshea anakufa"

Chanzo cha dhana hii ni cha kweli. Pokédex, kitabu cha maelezo kilichomo ndani ya gemu, kinasema Charmander huzaliwa na moto mkiani, na moto huo ukizimika uhai wake nao unakwisha. Kutoka hapo watu wamejumlisha kwamba tone la mvua linatosha. Kitabu hicho hicho kinasema mvua ikinyesha, ncha ya mkia wake hutoa mvuke. Maana yake moto unaendelea kuwaka. Kwenye pambano mvua hupunguza nguvu ya mashambulizi ya moto kwa nusu na kuongeza ya maji, lakini yenyewe haimpunguzii uhai. Angeweza kuishi hata Tukuyu, ambako mvua ni ya karibu mwaka mzima, ingawa moto wake ungekosa makali.

Katuni ndiyo iliyotia hofu hiyo mioyoni. Charmander wa Ash, kijana ambaye ndiye mhusika mkuu wa katuni, kabla hajawa wake aliachwa juu ya jiwe na mkufunzi aliyemwona dhaifu, akaambiwa asubiri, akasubiri mvuani hadi moto wake ukabaki kidogo sana. Ash na wenzake ndio waliomwokoa. Baadaye alipokuwa Charizard akawa hamsikilizi Ash, na hapo ndipo lilipozaliwa neno kwamba Charizard ni mkorofi kwa asili. Wanaosema hivyo hawakufika kwenye kisa cha yeye kugandishwa na barafu ya kiumbe mwingine, Poliwrath, Ash akakesha naye akimsugua ili moto usizimike. Baada ya usiku ule alimtii. Mimi kila nikimfikiria Charizard huanzia kwenye kisa hicho.

Upande wa gemu, ukaidi una sheria yake. Katika gemu za zamani, kiumbe uliyemlea mwenyewe hukutii. Anayekaidi ni yule uliyebadilishiwa na rafiki akiwa na leveli kubwa kuliko beji zako. Kijana akipewa Charizard wa leveli ya 70 na kaka yake asishangae akilala katikati ya pambano. Akusanye beji.

Kuhusu ukali wake, maandishi ya gemu yanasema kwamba huzunguka angani akitafuta wapinzani wenye nguvu, na hamtemei moto yeyote aliye dhaifu kuliko yeye. Yanasema pia moto wake huyeyusha majabali na kwamba huwa anasababisha moto wa misitu bila kukusudia. Neno hilo la bila kukusudia lina uzito kwangu, kwa sababu pale Sao Hill, Mafinga, kuna shamba la miti la serikali kubwa kuliko yote nchini, na anayefyeka barabara za kuzuia moto kabla ya kiangazi anajua kwamba mti wa msindano hauulizi kama ulikusudia.

"Anaruka hadi anapotelea mawinguni"

Pokédex inampa mwinuko wa karibu mita 1,400. Ukipima kutoka usawa wa bahari, hafiki hata Mbeya mjini, maana sisi tuko takriban mita 1,700. Ukipima kutoka ardhini Mwanjelwa, atafika kama mita 3,100 na kuuona mlima Rungwe, wenye karibu mita 2,960, kwa chini. Mimi nimechagua hesabu ya pili.

Jambo ambalo wengi hawaamini ni kwamba katika gemu za kwanza kabisa, Red na zile zilizoandamana nayo, Charizard hakuweza kufundishwa pigo la Kuruka, japo ana mabawa na aina yake yenyewe ni ya Kuruka. Aliruhusiwa kwenye gemu ya Yellow, iliyotoka Japani mwaka 1998.

"Ni mapepo"

Wazazi wanaosema hivi wanawapenda watoto wao, na siwabezi. Ila chanzo cha Pokémon kinajulikana. Satoshi Tajiri, aliyebuni gemu hizi, alikulia pembeni mwa Tokyo akiwa mtoto wa kukusanya wadudu. Alipoziona Game Boy mbili zikiunganishwa kwa waya, aliwaza wadudu wakipita kutoka mashine moja hadi nyingine. Ni furaha ile ile ya watoto wetu wanaokimbiza kumbikumbi mvua za kwanza zinapoanza. Mzazi mwenye wasiwasi aketi na mtoto waitazame pamoja. Kinachostahili kuhojiwa zaidi ni saa zinazoliwa na skrini.

"Kadi yoyote ya Charizard ni utajiri"

Pokémon ina pia kadi za kuchezea na kukusanya, na mwezi Machi 2022 kadi moja ya Charizard iliuzwa kwa dola 420,000, ambazo kwa viwango vya wakati ule zilikaribia shilingi bilioni moja. Habari hiyo ilifika hadi huku, na sasa kila mwenye kadi anadhani amelala juu ya nyumba. Kadi ile ilikuwa ya toleo la kwanza la Kiingereza la mwaka 1999, kadi namba 4 kati ya 102, yenye picha ya Mitsuhiro Arita, tena iliyokaguliwa na wataalamu wa PSA, kampuni ya kukagua kadi, na kupewa alama 10 kati ya 10. Kadi ile ile ikiwa imekunjika pembe au imekwaruzwa, bei huporomoka. Charizard amechapishwa mara nyingi sana tangu hapo, na nyingi ya kadi hizo ni za bei ya kawaida.

Nyingi zinazouzwa kwa pakiti za bei rahisi ni za kuiga. Dalili zipo: karatasi laini kama ya boksi la dawa ya meno, buluu ya mgongoni iliyopauka au kuzidi, maandishi yenye makosa. Kadi ya toleo lile la 1999 ina uhai wa 120, kwa hiyo ukiona yenye sura hiyo imeandikwa vingine, iache. Kadi halali ina milimita 63 kwa 88. Ukiiinua kwenye mwanga haipitishi mwanga kirahisi, kwa sababu katikati ya karatasi kuna utando mweusi. Ipime hivyo kabla hujampa mtu fedha yako, na kama ni ya mtoto na amefurahi nayo, mwache aicheze.