Ule uchafu wa kijani kwenye ubao mama si asidi ya betri

Papa mmoja ameshuka kutoka Kadutu hadi kwenye meza yangu, kompyuta ya zamani aina ya 486 imefungwa ndani ya kitenge. "Fundi, asidi ya betri ilimwagika, lakini nilishaweka bikaboneti, ile soda ya kuokea." Huyu ni wa nne tangu mvua zianze hapa Bukavu.

Hiyo si asidi. Asidi imo kwenye betri ya gari, na huko bikaboneti ni dawa halali. Ile betri ya umbo la kipipa iliyochomewa kwenye ubao mama wa 386 au 486, inayotunza saa mashine ikizimwa, ni nikeli-kadimiamu: seli tatu za volti 1.2, jumla 3.6. Kinachovuja ndani yake ni hidroksidi ya potasiamu. Ni alkali, kinyume cha asidi, ndugu yangu, binamu wa magadi. Kuitibu kwa bikaboneti ni kumwagia chumvi kwenye mchuzi uliozidi chumvi.

Kinachowadanganya watu ni povu. Mtu anapaka bikaboneti, haoni kitu. Anaongeza siki, povu linafuka, anafurahi kwamba uchafu unakufa. Povu lile ni siki na bikaboneti yake mwenyewe! Siki imeishia hapo, na ile alkali iliyo chini ya soketi haijaguswa. Ukipaka siki peke yake pia utaona povu kidogo, kwa sababu alkali iliyokaa muda hunyonya hewa ya ukaa na kuwa unga mweupe wa kaboneti. Povu hilo ndilo la kweli, na likikoma unajua kazi inaelekea mwisho. Asiyeniamini achukue ubao ambao haujapakwa chochote, alowanishe ule unga mweupe kwa tone la maji, kisha aguse kwa karatasi iliyochovywa kwenye maji ya manjano, ile ya pilau. Inageuka nyekundu ya matofali. Asidi haifanyi hivyo.

Kwa hiyo: kata betri kwa koleo, siki nyeupe au ndimu, brashi ya meno, suuza kwa maji yaliyochujwa kwa mvuke, halafu spiriti, halafu kausha. Msimu huu nakausha siku tatu.

Kisha mita. Pima njia za shaba moja moja, hasa karibu na tundu la kibodi, maana kwenye bao nyingi betri iko jirani nalo. Shaba iliyogeuka nyeusi haishiki risasi ya kulehemu. Ikwangue mpaka ing'ae.

Betri mpya? Wengi wanabandika CR2032, ile betri bapa kama sarafu, pale pale pa zamani. Tafadhali, hapana. Ubao ule unachaji betri yake, na CR2032 ya lithiamu haichajiwi. Inaweza kuvimba, hata kupasuka. Weka diodi katikati ili umeme utoke tu, usirudi. Hapa nakiri jambo: diodi ya kawaida inakula karibu volti 0.6 kati ya 3 za CR2032, zinabaki 2.4, na baadhi ya mashine husahau saa kila zikizimwa. Siku hizi natumia diodi ya Schottky, inayokula kidogo zaidi, lakini nimewahi kurudishiwa hata hizo.

Na jambo linaloninyima usingizi: alkali hutambaa chini ya ile rangi ya kijani ya ubao, mahali ambapo brashi haifiki. Nimewahi kusafisha ubao vizuri kabisa, ukafanya kazi zaidi ya mwaka, kisha njia ikakatika sentimita mbili kutoka pale nilipoishia. Ndiyo maana simpi mteja ahadi ya miaka.

Ya papa wa Kadutu ilikuwa imepoteza njia mbili za kibodi. Nimezipitishia waya mwembamba, na jana jioni akaandika jina la binti yake kwenye skrini, herufi zote zikatoka. Ubao nimebaki nao wiki hii. Kila asubuhi nauangalia kwa lenzi, pale kwenye kona.