Mtandao wa waya mmoja

Vijana wanaojifunza kazi kwangu wakiona BNC, kile kiunganishi cha waya cha kusukuma na kuzungusha, hudhani ni ya kamera za CCTV tu. Hawajakosea, huko ndiko ilikohamia. Lakini miaka ya tisini, ofisi nyingi nilizohudumia Dar es Salaam ziliitegemea hiyo pamoja na waya mweusi wa RG-58, wenye waya wa kati uliozungukwa na nyuzi za nje, kuunganisha kompyuta zao.

Mpangilio wenyewe uliitwa 10BASE2. Swichi hakuna, habu hakuna, yaani hakuna kisanduku cha katikati ambako nyaya za kompyuta hukutana. Waya unaanzia kwa mhasibu, unapita masijala, mapokezi, hadi kwa meneja, na nyuma ya kila kompyuta unaungwa kwa kiungo chenye umbo la T. Urefu usizidi mita 185, mashine zisizidi 30, na kati ya T na T isipungue nusu mita. Kasi ilikuwa megabiti 10 kwa sekunde, tena ya kugawana. Ni kama kikao kisicho na mwenyekiti: unasikiliza, pakiwa kimya unasema, wawili wakianza kwa pamoja wote wananyamaza, kila mmoja anasubiri kidogo kwa kubahatisha, kisha anajaribu tena. Mwaka 1973, Bob Metcalfe wa maabara ya Xerox PARC ndiye aliyeandika wazo la Ethernet, yaani mtindo huu wa kuunganisha kompyuta, akiwa amejifunza kwa mtandao wa redio wa Hawaii, ALOHAnet.

Kilichotutoa jasho ni zile ncha mbili. Kila ncha lazima ifungwe terminata ya omu 50, kijikofia chenye kikinza ndani, ili ishara ikifika mwisho imezwe. Ukiing'oa, ishara inagonga mwisho na kurudi kama mwangwi, inavuruga zinazokuja, kadi za mtandao ndani ya kompyuta zinaona migongano mitupu, na ofisi nzima inasimama. Fagio likinasa waya, matokeo ni hayo. Bosi akitaka kompyuta yake ihamie dirishani, akachomoa waya kwenye T badala ya kuchomoa T kwenye kadi, ni hayo hayo.

"Fundi, seva imekufa!" Mara nyingi seva ya watu, maskini, haikuwa na kosa lolote. Mashine zikishazimwa, nilichomoa T kwenye kadi na kupima kwa multimita kati ya sindano ya katikati na gamba la nje. Ikisoma omu 25 hivi, waya ni mzima, maana terminata mbili za 50 ziko sambamba. Ikisoma 50, upande mmoja umekatika. Ikikaribia sifuri, nyuzi za nje zimegusa waya wa kati, na mtuhumiwa wa kwanza ni BNC iliyobanwa ovyo. Kisha unakwenda katikati ya ofisi, unatenganisha, unapima kila upande peke yake: ulio mzima unaonyesha 50. Ule mbovu unaugawa tena, hadi kosa linakosa pa kujificha.

Kuna ofisi moja vipimo vyote vilikuwa safi, ila mtandao unasuasua. Nikapanda darini na tochi, nikafuata waya kidogo kidogo, nikakuta kipande kimechapwa RG-59. Mtu aliishiwa waya akaunga wa televisheni! Ule ni wa omu 75, na multimita haiwezi kuliona hilo: omu hizo si ukinzani wa shaba, ni tabia ya waya kwa ishara ziendazo kasi. Kila ishara ikivuka pale, sehemu yake inarudi ilikotoka.

Ilipokuja 10BASE-T, kila mashine ikapata waya wake hadi kwenye habu. Ukikatika mmoja, analia mmoja. Mabosi waligomea bei kwanza, kwa sababu waya ulihitajika mwingi na habu haikuwa ya bure. Walipopiga hesabu ya saa ambazo wafanyakazi hukaa wakipiga soga wakinisubiri, wakatoa pesa. RG-58 nilizovua darini nilimpa jamaa anayefunga redio za VHF kwenye boti, nazo zinataka omu 50 zile zile.