Chumba cha Boila Kinahitaji Hewa: Msizibe Matundu Yake

Mtu akiingia chumba cha boila (mtambo wa kuchemsha maji yawe mvuke), kiwandani au hospitalini, kwanza huangalia geji ya presha na valvu ya usalama. Si vibaya, maana boila iliyozidiwa na presha hulipuka. Lakini mkaguzi mzuri huangalia na ukuta: hewa inaingilia wapi, na inatokea wapi?

Hesabu yake si ngumu. Ili lita moja ya dizeli iungue vizuri inahitaji takribani mita za ujazo 12 za hewa, pamoja na ile ziada inayopewa kichomeo, yaani kifaa cha boila kinachochoma mafuta. Boila inayotoa tani moja ya mvuke kwa saa hutumia lita 70 hadi 80 katika saa hiyo, kwa hiyo inavuta zaidi ya mita za ujazo 800 za hewa. Chumba cha mita 5 kwa 6, chenye kimo cha mita 4, kina mita za ujazo 120 tu. Kikiwa kimezibwa, boila inaweza kuvuta hewa kiasi hicho chote kwa dakika zisizofika kumi.

Moto ukikosa hewa ya kutosha hauzimiki papo hapo, na hilo ndilo baya lake. Unaendelea kuwaka kwa shida: ndimi zinakuwa za njano na legevu, bomba la moshi linatoa moshi mweusi, masizi yanaganda kwenye mirija, dizeli inaliwa zaidi. Kibaya kuliko vyote, inatoka kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200. Fundi anaumwa kichwa, anapata kizunguzungu na kichefuchefu, kisha anakwenda kupima malaria. Dalili hizo zikimpata yeye na mwenzake wa zamu kwa pamoja, na zikapungua kila wakitoka nje, zimeni boila, tokeni nje wote, na waliougua wapelekwe hospitali.

Kipimo kinachotumika Marekani ni matundu mawili ya kudumu yanayofungukia nje moja kwa moja: la chini lianzie ndani ya sentimita 30 kutoka sakafuni, la juu ndani ya sentimita 30 kutoka darini. Kila moja liwe na sentimita za mraba 5.5 kwa kila kilowati ya joto la mafuta yanayoungua. Boila yetu ya tani moja, ikiwa ya kilowati 750, inataka tundu la kama sentimita 64 kwa 64, chini na juu. Maelekezo ya mtengenezaji yakitaka zaidi, fuata hayo.

Na hapo tunazungumzia uwazi halisi. Luva (vibao vya mlalo vinavyofunika tundu) za mbao hukadiriwa kupitisha robo tu ya eneo lake, za chuma robo tatu. Wavu wa mbu ndio tatizo hasa: boila ya hospitali mara nyingi iko jirani na chumba cha dobi, na nyuzi za mashuka huujaza wavu hadi unakuwa kama blanketi. Tumieni wavu wenye matundu mapana, usiopungua milimita 6, na usafishwe kwa ratiba.

Chumba kikiwa na joto kali, wengi huweka feni ya kutoa hewa nje. Msifanye hivyo bila hesabu ya mhandisi. Feni inayonyonya inaweza kuvuta moshi urudi ndani kupitia bomba lake. Mlango ukiwa mzito kuufungua kuelekea nje, chumba kinanyonywa. Feni ya chumba cha boila isukume hewa safi ndani.

Boila ikitumia gesi, aina ya gesi nayo ina lake. Gesi asilia, kama ya Songo Songo inayotumiwa na viwanda vya Dar es Salaam, ni nyepesi kuliko hewa. Ikivuja hupanda, na tundu la juu ndilo la kuitoa. Gesi ya mitungi ni nzito, hutuama sakafuni na kuingia mitaroni.

Kama hewa inaletwa na feni, kichomeo kiwekewe swichi ya kukizima mara feni inaposimama. Ijaribuni swichi hiyo mbele ya fundi: zimeni feni boila ikiwa inawaka. Moto usipozimika wenyewe, funga mafuta, na boila isiwashwe tena hadi swichi itengenezwe.