Je, wajua kwa nini punda wa Amu hapati bawasiri?

Punda wa Amu, huku kisiwani Lamu, hushinda akibeba mawe, mchanga, saruji na maji kutoka gatini hadi vichochoro vya juu. Mwenye duka aliyekaa kitini pale Usita wa Mui, njia kuu ya mji, hanyanyui hata robo ya mzigo huo. Lakini anayetoka damu msalani ni huyu wa kitini. Daktari wa mifugo akiitwa kumtazama punda aliyevimba chini ya mkia, hawazii bawasiri. Atatafuta kidonda, jipu, uvimbe, minyoo au puru, yaani mwisho wa utumbo mpana, iliyotoka nje. Bawasiri tunayoijua sisi ni maradhi ya kiumbe anayesimama wima, na sababu yake imo katika sehemu ambayo wengi wetu tunaona haya hata kuitaja: msamba, yaani pale kati ya tupu ya mbele na ya nyuma, pamoja na misuli iliyo ndani yake.

Mtazame punda kwa nyuma, ukiwa mbali na mateke yake. Msamba wake umesimama kama ukuta, umeelekea nyuma. Matumbo, kibofu na kizazi haviukalii. Vinaning'inia mbele, na mzigo wote huo umebebwa na ukuta wa tumbo. Ndiyo maana jike mkongwe mwenye mimba kubwa akizidiwa na uzito, huweza kukatika kano nene inayoshikilia tumbo mbele ya fupanyonga, na tumbo likashuka karibu na ardhi. Msamba wake unabaki salama.

Sasa msimamishe kiumbe huyo kwa miguu miwili. Ukuta unageuka sakafu. Kila kilichokuwa kikining'inia mbele sasa kinakandamiza chini, asubuhi hadi usiku, maisha yote. Na jambo linalonistaajabisha mimi kuliko yote ni misuli iliyopewa kazi hiyo. Kwa wanyama wenye mkia, misuli hii hutoka kwenye fupanyonga hadi kwenye mifupa ya mkia. Ndiyo humsaidia punda kuubana na kuuvuta. Sisi huwa na mkia tumboni mwa mama, kisha hutoweka kabla ya mimba kutimiza miezi miwili na nusu, ukabaki ule mfupa mdogo wa mwisho wa uti wa mgongo, kifandugu. Misuli haikutoweka. Imetandazwa chini ya nyonga, ikaachiwa kubeba kibofu, kizazi na puru. Ni kama kitanda cha kamba: kikiwambwa vizuri kinabeba watu wawili bila shida, kikilegea katikati kila kitu huteremkia hapo.

Turudi kwenye bawasiri. Watu wengi hudhani ni kitu kigeni kilichoota. Kumbe kila binadamu huzaliwa na vijito vitatu laini vya nyama na mishipa ya damu, kama mito midogo ya kulalia, ndani ya tundu la haja kubwa. Kazi yake ni kuziba mlango barabara ili upepo na maji visipite bila ruhusa. Huchangia kama asilimia 15 hadi 20 ya nguvu ya kufunga mlango mtu akiwa ametulia. Maradhi huanza vijito hivi vinapovimba na kuteremka. Damu ya hapo hurudi juu kupitia mishipa isiyo na vizuizi vya kuizuia isirudi chini, na kwa mtu aliyesimama au aliyekaa, mahali hapo pako chini kabisa ya moyo. Ongeza choo kigumu, kujikamua, mimba, au kukaa msalani nusu saa na simu mkononi, vijito vinajaa damu. Kwa punda, tundu la haja liko juu kuliko moyo wake. Damu inarudi bila taabu. Isitoshe, yeye hula majani makavu kutwa na kudondosha kinyesi mara nyingi kwa siku, mara nyingine huku akitembea, pasi na kujikamua.

Sisi hapa pwani tunakula vyakula vyeupe mno: wali, mahamri, chapati. Sisemi tuviache. Lakini anayekula mahamri kwa mbaazi amejisaidia kuliko anayekula mahamri kwa chai tupu, kwa sababu mbaazi zina nyuzinyuzi, na nyuzinyuzi pamoja na maji ya kutosha hulainisha choo. Mchicha, kunde na maembe yetu yana faida hiyohiyo. Choo cha kuchuchumaa cha nyumba za kale nacho kina hekima yake. Kuna msuli mmoja unaozunguka nyuma ya puru na kuivuta mbele, ukaifanya ipinde ili choo kisitoke ovyo. Ukikaa kwenye choo cha kiti, pindo hilo hunyooka kidogo tu. Ukichuchumaa hunyooka zaidi, na haja hutoka kwa nguvu ndogo. Mwenye choo cha kiti aweke kibago chini ya miguu, magoti yapande juu ya nyonga. Na kuchamba kwa maji, kama tulivyolelewa, ni heri kwa ngozi ya pale kuliko kusugua kwa karatasi kavu.

Bawasiri nyingi hutulia kwa hayo, pamoja na kukalia beseni la maji ya uvuguvugu kwa dakika 10 au 15. Zisipotulia, hospitalini huweza kufungwa mpira mdogo kwenye shina la kijito ili kikauke na kudondoka chenyewe. Kifaa cha kufungia mpira huo kilitangazwa na daktari Mmarekani, James Barron, mwaka 1963, na njia hiyo inatumika hadi leo. Nina neno moja zito hapa. Damu ya bawasiri kwa kawaida ni nyekundu mbichi, hudondoka mwisho wa haja, mara nyingi bila maumivu. Lakini saratani ya utumbo mpana nayo hutoa damu. Damu iliyochanganyika na choo, choo kilichobadilika kwa wiki kadhaa, mwili unaopungua bila sababu: haya si ya kununuliwa dawa ya chupa sokoni. Ni ya kupimwa. Naumia kila nikisikia mtu amekunywa mizizi mwaka mzima, akaenda hospitali ugonjwa umeshasambaa.

Punda naye hajasalimika. Ana mateso yake pale chini ya mkia, na mengi tumemletea sisi.

Kubwa ni kamba. Mzigo ukiwa mgongoni, punda akiteremka kuelekea pwani, shehena hutaka kumwendea shingoni. Basi wengine hupitisha kamba chini ya shina la mkia ili ivute mzigo nyuma. Kamba yenyewe mara nyingi ni ya nailoni, nyembamba, imelowa jasho na chumvi, imegandamana na kinyesi. Kwanza nywele za chini ya mkia hunyofoka. Kisha ngozi nyeusi hubambuka na kuonyesha wekundu, halafu hufunguka mpasuko wa kukingama, pale pale kamba inapopita. Punda huanza kuubana mkia au kuushikilia upande. Nzi wakishafika, kuna aina ya minyoo ambayo mabuu yake huletwa na nzi na kuachwa kidondani. Kidonda hicho huvimba nyama na kukataa kupona. Dawa ya kwanza ni kuiondoa kamba na kumpumzisha mnyama. Si kumpaka oili chafu ya mashine. Kidonda kioshwe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, yakatiwa chumvi kidogo, kisha kionwe na mtaalamu. Siku ya kurudi kazini, pale chini ya mkia ipite nguo ya pamba pana iliyokunjwa, laini, ya kufuliwa kila siku. Ni kazi ndogo mno kwa mnyama anayekulisha.

La pili ni plastiki. Punda wanaoachwa kuzurura jalalani hula mifuko pamoja na maganda, na utumbo huziba. Mnyama hujikamua, hugaagaa, na wengine hufa. Shirika la The Donkey Sanctuary, lililoanzishwa Uingereza na Elisabeth Svendsen, lilifungua kliniki hapa Amu mwaka 1987 ya kutibu punda bila malipo. Mwenye punda anayejikamua bila kutoa kinyesi hana sababu ya kungoja kesho.

Kujikamua ndiko kunakotoa puru nje, kwa punda, kwa mbuzi, hata kwa watoto wetu. Kwa mbuzi wadogo chanzo mara nyingi ni kuharisha, minyoo au kikohozi kisichokatika. Unaona kitu chekundu, kinang'aa, kimechomoza chini ya mkia, na kila saa inavyopita kinazidi kuvimba na kukataa kurudi. Hapa wataalamu wana mbinu ambayo wengi hawaiamini mpaka waione: sukari. Ile ya chai. Nyama ile husafishwa kwanza kwa maji safi, kisha hufunikwa kwa sukari. Sukari huvuta maji kutoka ndani ya uvimbe, nyama hunywea, na inawezekana kuirudisha taratibu. Daktari hushona mshono wa mviringo kuuzunguka mlango, akaukaza lakini akaacha nafasi ya kinyesi, mshono ukakaa siku chache. Madaktari wa binadamu nao hutumia sukari hiyohiyo kwa puru ya mtu iliyovimba ikashindikana kurudi. Lakini chanzo kisipotibiwa, itatoka tena.

Mbwa ni wachache hapa, kwa hiyo nitawapitia upesi: madume wazee wasiohasiwa hupata henia ya msamba. Ile misuli ya mkia hudhoofika, na matumbo au kibofu hujitokeza kama uvimbe pembeni mwa tundu la haja. Ni misuli ileile inayolegea kwa wanawake wetu, ila kwao ni kwa sababu nyingine.

Sababu hiyo ni uzazi. Hapa ndipo punda na binadamu hukaribiana tena. Jike la punda hubeba mimba kama mwaka mzima, kisha akishaanza kusukuma humaliza kwa takriban nusu saa, na msukumo wake ni wa nguvu za ajabu. Mtoto hutanguliza miguu miwili ya mbele na pua. Kwato moja ikielekea juu badala ya mbele, huweza kutoboa paa la uke na kuingia kwenye puru, na msukumo unaofuata ukapasua vyote hadi nje. Huwapata zaidi majike wanaozaa mara ya kwanza. Kidonda hicho hakishonwi siku hiyo, maana nyama imevimba na kuchafuka, mshono haushiki. Husafishwa, kikaachwa wiki 4 hadi 6, ndipo hushonwa.

Mwanamke naye hupasuka zaidi uzazi wa kwanza. Takwimu za Uingereza zinaonyesha hadi wanawake 9 kati ya 10 wanaozaa mara ya kwanza kwa njia ya kawaida huchanika au huongezewa njia kwa kukatwa msamba. Mingi ni michaniko midogo. Mpasuko unaofika kwenye msuli wa haja kubwa huwapata kama 6 kati ya 100 katika uzazi huo wa kwanza. Tofauti na punda, yeye hushonwa mapema, muda mfupi baada ya kuzaa, na asiposhonwa vizuri huweza kushindwa kuzuia upepo au choo. Shirika la Afya Duniani halishauri kila mzazi akatwe njia. Linashauri, miongoni mwa mengine, kitambaa cha maji ya uvuguvugu kiwekwe kwenye msamba wakati wa kusukuma. Wakunga wanaofanya hivyo wana ushahidi upande wao: mipasuko mikubwa hupungua.

Baada ya uzazi, sakafu huhitaji kukazwa. Daktari Mmarekani Arnold Kegel aliandika juu ya mazoezi hayo mwaka 1948. Mama hubana kana kwamba anazuia upepo na mkojo pamoja, anahesabu polepole, anaachia. Mara 8 au zaidi, mara tatu kwa siku, kwa miezi mitatu angalau. Anaweza kufanya akikuna nazi, hakuna atakayejua. Kizazi kilichoanza kushuka kidogo, au mkojo unaochuruzika akicheka na kukohoa, mara nyingi huwa nafuu. Kilichoshuka hadi nje kina tiba nyingine, pamoja na pete ya mpira inayowekwa ukeni kukishikilia, na upasuaji.

Kuna jeraha moja ambalo ni la mwanamke hasa: fistula, au nasuri kama wengine wanavyoiita. Mtoto wa punda ni mwembamba na mrefu. Kichwa cha mtoto wa binadamu kinatosha njia kwa shida. Kikikwama siku mbili tatu bila msaada, hubana nyama kati yake na mfupa, damu haifiki, nyama hufa, na siku chache baadaye hutokea tundu kati ya uke na kibofu, au kati ya uke na puru. Mkojo unatiririka usiku na mchana. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, kati ya wanawake 50,000 na 100,000 hupata jeraha hili kila mwaka duniani. Wengi hufichwa ndani, waume wakawakimbia, na wao wakaamini wamelogwa. Hawakulogwa. Walichelewa kufikishwa kwa daktari, na katika visiwa vyetu, ambako mgonjwa wa usiku hungoja boti na maji kujaa, hilo linaweza kumpata binti wa yeyote.

Tundu hilo hushonwa, na wengi hupona. Lakini kuna jambo ambalo kila mama mkwe na kila somo anayemwangalia mzazi anapaswa kulijua. Tundu dogo likigunduliwa mapema, mama akawekwa mpira wa mkojo ili kibofu kikae kitupu kwa wiki 4 hadi 6, huweza kuziba lenyewe bila kisu. Muda huo ndio uleule ambao kwa desturi yetu mzazi hukaa ndani arobaini. Kwa hiyo, mama akilowa mkojo usiozuilika siku za mwanzo baada ya kuzaa, asingojeshwe arobaini itimie. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, arobaini yake aiendeleze na mpira wake akiwa nao.