Mtoto, mchezo na zawadi: tunapokosea

Dhana: Mtoto asipoahidiwa kitu, hajitumi.

Mtazame anayejifunza kupiga danadana. Mpira unamponyoka, anaukimbilia, anaanza kuhesabu upya. Giza linaingia na bado yupo. Hakuna aliyemwahidi chochote. Ari hiyo anakuja nayo uwanjani, na sisi makocha na wazazi tunaweza kuiua kwa nia njema kabisa.

Mwaka 1973, huko Marekani, watafiti Lepper, Greene na Nisbett waliwafuatilia watoto wa chekechea waliopenda kuchora. Kundi la kwanza liliahidiwa cheti chenye utepe likichora. La pili lilipewa cheti kama hicho bila kukitarajia. La tatu halikupewa kitu. Baadaye kalamu zilipowekwa tena mezani, safari hii bila zawadi, walioahidiwa walichora kwa takribani nusu tu ya muda wa wenzao. Mchezo ulishageuka kibarua.

Uwanjani naliona jambo hilo kwa mtoto anayelipwa na mzazi kwa kila bao. Mwenzake yuko peke yake mbele ya goli, anapunga mkono, lakini pasi haiji. Pasi haina malipo.

Dhana: Basi zawadi zote ni sumu.

Hapana. Waliopewa cheti kwa kushtukizwa hawakupoteza hamu. Hatari iko kwenye ile "ukifanya hivi, nitakupa hiki", hasa kwa jambo ambalo mtoto tayari analipenda.

Dhana: Sifa ni sifa, mradi umemsifia.

Mwaka 1998 watafiti Mueller na Dweck walionyesha kuwa watoto waliosifiwa kwa akili zao walikata tamaa upesi walipokutana na maswali magumu, kuliko waliosifiwa kwa bidii. Ndiyo maana "una kipaji wewe" siitumii tena. Nasema, "Nimeona ulivyorudi kukaba baada ya kunyang'anywa mpira." Mtoto anajua hasa alichofanya, na anaweza kukirudia.

Dhana: Ari ikitoka ndani, kocha hana kazi.

Anayo, tena nyingi. Wanasaikolojia Deci na Ryan wanataja mahitaji matatu yanayoilisha ari hiyo: kujiamulia, kujiona unaweza, na kujisikia ni mmoja wa kundi. Kocha anayefoka tangu mwanzo hadi mwisho huyabomoa yote kwa pamoja. Mimi huwaachia wanangu dakika 10 za mwisho wapange timu na sheria wenyewe. Hubishana, hucheka, huanza upya, na katika dakika hizo hakuna anayeniuliza tunamaliza saa ngapi.