Kuugua si Ushahidi wa Dhambi

Mchungaji anayetembelea wagonjwa huulizwa mara kwa mara, tena na watu waliosali maisha yao yote: "Nimemkosea Mungu nini hata haya yakanipata?" Anayeniudhi si mgonjwa, bali yule aliyemfundisha kwamba kila mateso ni adhabu ya kosa fulani la anayeteseka.

Biblia inaikataa dhana hiyo waziwazi. Wanafunzi walipouliza ni nani aliyetenda dhambi hata mtu akazaliwa kipofu, Yesu alijibu kwamba si yeye wala wazazi wake (Yohana 9:3). Kuhusu watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, alikana kwamba walikuwa wakosaji kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu, kisha akawataka wasikilizaji wake watubu wao wenyewe. Rafiki za Ayubu walitetea fundisho hilo la kosa na pigo kwa sura nyingi, na mwishowe Mungu akamwambia Elifazi, mmoja wao, kwamba hawakunena yaliyo sawa. Wapo watakaonitajia Yohana 5:14, ambapo aliyeponywa anaonywa asitende dhambi tena. Lakini onyo hilo alilitoa Yesu, wala halimruhusu kila mgeni anayefika kitandani kumtafutia mgonjwa kosa. Ni kweli kwamba baadhi ya makosa huzaa madhara, kama ulevi unavyoharibu ini, na kwamba Paulo anahusisha kifo na dhambi ya Adamu. Ila hilo la pili ni hali ya wanadamu wote, na halielezi kwa nini mtoto huyu ana saratani na jirani yake hana. Kwa hiyo nawasihi wanaokwenda kuwaona wagonjwa waige siku saba za kwanza, rafiki za Ayubu walipoketi naye bila kunena neno, kwa maana walianza kuharibu walipofungua vinywa.

Kuhusu dhambi hiyo ya Adamu, wengine hudhani Wakristo wote hufundisha kwamba mtoto huzaliwa na hatia yake. Fundisho hilo lina mizizi kwa Augustino, askofu na mwanateolojia wa kale, na lilienea katika Kanisa la Magharibi. Waorthodoksi, Wakristo wa Kanisa la Mashariki, husisitiza kwamba tulichorithi ni mauti na udhaifu, si hatia.

Fundisho la "upotovu kamili" la Wakalvini, wafuasi wa mwanamatengenezo Yohana Kalvini, nalo halimaanishi kwamba kila mtu ni mwovu kadiri awezavyo kuwa, bali kwamba hakuna sehemu ya mwanadamu, iwe akili, utashi au hisia, iliyosalimika na dhambi.

Na wanaomwona Shetani kama mpinzani mwenye nguvu sawa na Mungu wanarudia Umani, dini ya kale iliyofundisha kwamba wema na uovu ni nguvu mbili zinazopingana, ambayo Augustino aliifuata kwa takriban miaka 9 kabla ya kuiacha na kufundisha kwamba uovu ni upungufu wa wema, si kitu chenye asili yake. Kwa nini Mungu anauruhusu upungufu huo ni swali jingine, na hoja ya hiari ya mwanadamu, yaani kwamba uovu hutokana na uhuru wetu wa kuchagua, ambayo wahubiri huitoa haraka mno, inagusa mauaji na wizi kuliko inavyogusa matetemeko ya ardhi.