Kabla hujaipaka rangi boti yako ya faiba

Wenye boti ndogo za tanga, kuanzia Tudor hapa Mombasa hadi Mtwapa, huniuliza swali moja: "Fundi, imekufa rangi hii, nipake ipi?" Nami huwauliza kwanza kama wamekwisha kuiosha. Boti nyingi za faiba zinazodhaniwa zimechakaa bado zina rangi yake ya kiwandani, nzima kabisa, chini ya ngozi iliyochoka.

Ngozi hiyo ni sehemu ya juu ya jelikoti, yaani resini ya poliesta iliyotiwa rangi. Kiwandani hupuliziwa ndani ya kalibu kabla ya matabaka ya nyuzi za kioo, na unene wake kwa kawaida ni kama nusu milimita. Miale ya jua huivunjavunja poliesta ya juu ikabaki unga wenye vitundu visivyoonekana kwa macho. Mwanga ukifika hapo hutawanyika, ndipo nyekundu ikawa waridi na buluu ikawa kama imemwagiwa maziwa. Sisi tuko digrii 4 tu kusini mwa Ikweta, na boti zetu nyingi hulala ufukweni bila turubai mwaka mzima.

Nusu milimita hiyo ndiyo akiba yako yote. Kila ukipitisha msasa unaila, na hairudi. Kwa hivyo kazi hii yote, kwangu mimi, ni kutafuta njia inayokula kidogo zaidi.

Anza na kipimo cha bure. Lowesha sehemu moja ya ubavu kwa maji. Rangi ikirudi ikakoza, kisha ikafifia maji yanapokauka, ugonjwa uko juu juu na boti inaponyeka. Ikiwa hata ikilowa unaona madoa yanayopitisha mwanga, au mpangilio wa nyuzi za kioo unajitokeza, jelikoti imekwisha hapo na hakuna polishi itakayoirudisha.

Kisha osha, na usione uvivu. Mchanga wetu wa pwani unakwaruza, na punje zake chache zikibaki chini ya kitambaa zitachora mistari utakayohangaika nayo siku nzima. Tumia sabuni ya maji na brashi laini, usitumie dawa ya klorini. Suuza kwa maji ya mvua au ya mfereji, kwa sababu visima vingi vya mji huu vina chumvi, na ikikauka huacha madoa meupe. Michirizi ya kutu chini ya vyuma vya mlingoti hutoka kwa asidi ya oksaliki, ukivaa glavu. Ile hafifu hata ndimu huitoa. Asidi hiyo usiichanganye na dawa ya klorini kamwe, gesi inayotoka ni sumu. Mwisho pitisha asetoni kwa kitambaa safi kuondoa nta ya zamani na mafuta.

Sasa jaribu kompaundi ya kukatia, yaani krimu yenye chembe laini za kukwaruza, kwenye kipande kidogo, kwa mkono. Kikikung'alia, umeokoa jelikoti nyingi: endelea hivyo boti nzima na msasa uuache dukani. Hapa ndipo mafundi wengi wanaotoka kwenye bodi za magari hukosea. Wamezoea kuanza na msasa mkali, kwa kuwa gari litapakwa rangi nyingine juu. Boti hii haipakwi kitu.

Kompaundi ikishindwa, chukua msasa wa maji. Mimi huanza na namba 1000; namba ikiwa ndogo, msasa ni mkali zaidi. Nikiona unga ni mzito nashuka 800, na 600 ni kwa boti iliyoachwa juani miaka. Ukishuka lazima upande tena hatua kwa hatua hadi 1500 au 2000, bila kuruka. Funga msasa kwenye kipande cha mpira, maana vidole huchimba mifereji. Chora mistari myepesi ya penseli kabla ya kila namba, na ubadili mwelekeo: namba hii kwa urefu, inayofuata kwa mshazari, ili mikwaruzo ya awali ionekane ikiwa haijaisha. Kwenye kona na kingo nenda polepole sana, huko jelikoti mara nyingi huwa nyembamba.

Mashine ya kung'arishia ni nzuri, lakini iendeshe kwa mwendo wa chini na usiisimamishe mahali pamoja, huunguza. Anza na pedi ya sufu, malizia na ya sponji. Fanya kazi asubuhi mapema au chini ya kivuli cha makuti: ubavu ukiwa moto, kompaundi hukauka kabla haijakata. Miezi ya kaskazi, Januari hadi Machi, ndiyo bora, kabla ya masika.

Ukishang'arisha, weka nta siku hiyo hiyo. Paka nyembamba, iache ifanye ukungu, futa, kisha rudia mara ya pili. Kwa jua letu rudia kila miezi mitatu au minne. Maji yakiacha kufanya matone juu ya ubavu, wakati umefika. Sitaha unapokanyaga isipakwe nta, utateleza uanguke baharini na kamba mkononi.

Ikiwa jelikoti imekwisha kweli, hapo ndipo rangi ina haki yake: praima ya epoksi, halafu poliyurethani ya mikebe miwili. Rangi hiyo ina isosayaneti, inayodhuru mapafu, hasa ikipuliziwa. Kitambaa puani hakizuii kitu. Mpe fundi mwenye vifaa kamili vya kupumulia, na watoto wakae mbali na upepo unakoelekea.